Mkunga wa Gulwe na Masikio ya Watoto Wetu

Alikuwa akimsalimu mtoto kwanza, mama baadaye. Ukifika zahanati na kichanga mgongoni, alikupita kama hakukuona, akazunguka nyuma yako, akainua ncha ya kanga na kuchungulia. "Habari yako, bwana mkubwa," angemwambia mtoto. Akisharidhika ndipo anarudi mbele na kukutazama wewe usoni, na hapo mara nyingi hakuwa na maneno matamu.

Tulimwita Mkunga. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la ukoo pia, lakini pale Gulwe hakuna aliyeyatumia, na nikiyaandika leo nitahisi nazungumzia mtu mwingine. Alikotoka sikuwahi kupajua vizuri. Mimi mwenyewe nilifika Gulwe kwa ndoa, nikitokea Mpwapwa, enzi hizo Mwingereza bado anatawala. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, kazi yake kubadilisha njia treni zinapopishana stesheni. Tulikaa kwenye nyumba za reli, vumbi likiingia kila upande, na zahanati ya Mkunga ilikuwa ng'ambo ya njia, jengo la vyumba viwili lililopakwa chokaa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono midogo kuliko mwili wake. Jua la Gulwe hakulipenda hata kidogo. Alitembea na mwavuli mweusi kiangazi chote, kisha masika yakija aliuacha nyumbani akalowa, akisema mvua yetu ni chache mno kuizuia isimfikie mtu. Alipenda ugoro na alijificha akiuvuta, ingawa kila mtu alijua, kwa kuwa alikuwa akipiga chafya nyuma ya zahanati halafu anarudi akifuta macho na kutulaumu sisi kwa vumbi tulilomletea.

Akina mama alitugombeza kwa mambo mengi: maji yasiyochemshwa, uji mzito kwa mtoto mchanga, kumfunika mtoto blanketi juu ya blanketi mchana wa joto. Lakini jambo lililomtoa jasho kuliko yote lilikuwa masikio. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na kifaa chake cha kusafishia masikio ya watoto. Wengine walitumia kibanio cha nywele, wengine kijiti kilichoviringishwa pamba, wengine unyoya wa kuku uliochovywa mafuta ya nyonyo. Mtoto akitoka kuogeshwa alilazwa kwenye mapaja na kuchokolewa masikio, na yule aliyetoka na nta nyingi kwenye kijiti alionekana amefanya kazi nzuri siku hiyo.

"Hiyo nta si uchafu," Mkunga alikuwa akisema. "Ni askari. Inakamata vumbi na wadudu, halafu inatoka yenyewe taratibu, haihitaji kuitwa. Nyinyi mnaingiza kijiti, mnampiga askari kwa kitako cha bunduki yake mwenyewe, mnamsukuma mpaka ndani kabisa, halafu mnashangaa mlango umeziba."

Kisha alichukua kitambaa laini, akakilowesha maji ya vuguvugu, akakikamua, akafuta kwenye mikunjo ya nje ya sikio na nyuma yake, pale ambapo maziwa na jasho hujikusanya na kunuka. "Macho yako yanapoishia, mkono wako nao uishie hapohapo," alisema. Tuliyasikia hayo maneno mara nyingi mpaka watoto wakubwa wakawa wanayaigiza mchezoni.

Kuna jambo moja hakuligombeza, nalo liliwashangaza wageni. Wazee wa Kigogo wa pale walikuwa wametoga masikio tangu ujanani na kuyapanua, na wengine waliweka kwenye ndewe zao vipande vya mti au vikopo vidogo vya ugoro. Mwalimu mmoja wa dini alimwambia Mkunga awahubirie waache. Mkunga akamjibu, "Ndewe ni zao, wafanye wapendavyo. Mimi nahangaika na tundu la ndani tu." Nadhani pia alikuwa na jicho kwenye vile vikopo.

Sasa nieleze upande wake mwingine, maana nikimwacha hapo mtamwona kama mtakatifu. Huyu mwanamke aliyetukataza vijiti alikuwa akijikuna masikio yake mwenyewe kwa njiti ya kiberiti. Alifanya hivyo akidhani yuko peke yake, jicho moja kalifumba, mdomo kaupinda kwa raha. Aliyemkamata alikuwa mke wa mwenye duka, Mhindi aliyekuwa na duka la nguo na mafuta ya taa karibu na stesheni. Tulimwita Mama Duka.

Hawa wawili walianza vibaya. Mama Duka alipojifungua mtoto wake wa kwanza pale Gulwe, alimtilia mafuta ya moto masikioni, kama mama yake alivyomfundisha, yamechemshwa na kitunguu saumu. Mkunga aliingia dukani, akaomba aonyeshwe hayo mafuta, akayamwaga kidogo kwenye kifundo cha mkono wa Mama Duka.

"Hii unaiita vuguvugu?"

Mama Duka akavuta mkono. "Kwetu ndivyo tunavyofanya, Mkunga. Mimi nimetiliwa, na nasikia vizuri mno. Nakusikia hata ukiwa huko zahanati."

"Wewe ulikuwa na bahati. Huyu hujui bado kama anayo."

Hawakusemeshana kwa muda mrefu. Kisha yule mtoto akashikwa na homa, sikio likaanza kutoa usaha, na Mama Duka akatuma mtu ng'ambo ya njia, hakuwa na uhakika kama ataitikiwa. Mkunga alikwenda asubuhi hiyohiyo na akaendelea kwenda kila siku mpaka sikio likakauka, na siku zote hizo hakusema neno juu ya kitunguu saumu. Baada ya hapo ndipo wakawa marafiki, wakikaa kwenye benchi la dukani jioni na kunywa chai yenye tangawizi. Na ni kwenye benchi hilo Mama Duka alimkuta na njiti ya kiberiti sikioni.

"Mkunga," akamwambia kwa upole, "askari wako kakosa nini leo?"

Tulicheka wote tuliokuwepo. Mkunga aliitupa njiti, akasema sikio la mtu mzima lina mwenyewe wa kulijibia, la mtoto halina. Akanywa chai yake. Sijui kama aliacha.

Nafika sasa kwa binti yangu, Damari, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi nilipojifungua. Alikuwa mama wa Kigogo wa kijijini, Kiswahili chake cha kukamata huku na huku, na alimpenda Damari kupita maelezo. Kumwogesha mtoto ilikuwa kazi yake, hakutaka nimsaidie. Alimkanda, akampaka mafuta, akamwimbia kwa Kigogo, na mwisho wa yote akamsafisha masikio kwa unyoya wa kuku. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno ya Mkunga kama wenzangu wote, lakini kumwambia mama mkwe kwamba anakosea si jambo dogo kwa mwanamke aliyeolewa juzi. Nikajiambia unyoya ni laini kuliko kijiti.

Damari alipoanza kukaa mwenyewe, nikaona jambo. Treni ya mizigo ilipiga honi ikiingia stesheni, kuku wakakimbia, na yeye akaendelea kuchezea kijiko. Nikamwita kwa nyuma. Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti ya juu, akageuka polepole, kama mtu aliyeguswa begani. Hapo awali alikuwa akigeuka hata baba yake akikohoa mlangoni. Nilikaa na jambo hilo moyoni, kila siku nikimjaribu, kila siku nikijipa sababu: amechoka, ana usingizi, anachezea kitu.

Halafu asubuhi moja mama mkwe alimsafisha na mtoto akapiga yowe. Kwenye ncha ya unyoya kulikuwa na damu kidogo. Mama mkwe aliushika ule unyoya mbele ya macho yake, akautazama. Nilimbeba Damari mgongoni nikavuka njia ya reli bila hata kuvaa viatu, na mama mkwe akanifuata nyuma.

Mkunga hakuzunguka mgongoni safari hiyo. Alimwona mama mkwe akija nyuma yangu na unyoya bado uko mkononi, na nadhani alielewa kila kitu.

"Mbukwenyi, mama," akamsalimu kwanza kwa Kigogo. Mama mkwe akaitikia kwa sauti ndogo.

Akanawa mikono. Akamlaza Damari kwenye mapaja yangu karibu na dirisha, akavuta sikio kwa upole, akaligeuza kwenye mwanga. Akafanya hivyo upande wa pili. Akatembea nyuma yangu na kupiga makofi laini, mara kulia, mara kushoto, akimwangalia mtoto. Damari aliendelea kutazama kifungo cha nguo yangu.

"Amekuwa hivi tangu lini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilisubiri anigombeze, na kwa kweli ningependa anigombeze, maana nilijua nimestahili. Hakunigombeza.

"Masikio yote yamezibwa na nta," akasema. "Imeshindiliwa ndani. Hili la kushoto limechubuka. Zaidi ya hapo sioni."

"Basi itoe, Mkunga," nikasema.

"Sitaitoa."

"Tia mafuta basi, ilainike."

"Mafuta ninayo. Lakini sijui nyuma ya nta kuna nini. Kama ngoma ya sikio imetoboka, mafuta haya yakipita yatafanya madhara. Lazima daktari amwone, Dodoma, ana taa ya kuangalia ndani. Mpaka hapo, kitu chochote kisiingie kwenye masikio haya. Hata maji ya kuogea. Hata pamba."

Nikamuuliza. "Atasikia?"

Akaanza kukunja kitambaa chake. "Jitayarishe kwa treni ya kesho," akasema.

Sikulipata jibu, na nilimchukia kidogo kwa hilo.

Treni ya kesho haikuja. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto ukafurika ukala tuta la reli, kama ulivyokuwa ukifanya karibu kila masika. Tulikaa tukisubiri huku vibarua wakimwaga mawe. Siku zile zilikuwa ndefu kuliko ninavyoweza kueleza. Mume wangu alikwenda kusaidia kwenye tuta na kurudi na matope mpaka magotini, akaja kumwita Damari jina lake kutoka mlangoni, kisha akatoka tena nje bila kuvua viatu. Jirani mmoja alisema kule Buigiri kuna shule ya watoto wasioona, labda na wasiosikia wanapokelewa. Alisema kwa nia njema. Nilikwenda jikoni nikalia.

Aliyeteseka zaidi yetu ni mama mkwe. Aliacha kula. Alikaa nje ukutani, hakumgusa mtoto, hata akinyoosha mikono abebwe. Siku ya pili au ya tatu Mkunga alikuja nyumbani, akakaa chini karibu naye, akatoa ugoro mfukoni, akamkaribisha. Ndiyo mara pekee nilimwona akiuvuta hadharani. Walinusa wote wawili.

"Mama," Mkunga akasema, polepole ili Kiswahili kieleweke, "huyu mtoto anaharishwa na maji mabaya?"

"Hapana."

"Ana vipele? Ana utapiamlo?"

"Hapana."

"Mwangalie alivyo. Kwenye kliniki yangu sina mtoto mwenye ngozi nzuri kama hii. Ni mikono yako hiyo. Kitu kimoja tu kimekosewa, na kila bibi wa hapa anakikosea, na mama yangu mimi alikikosea. Sasa nina kazi nataka uifanye wewe, maana mimi hawanisikilizi, wananiona mtu wa sindano."

Akamwonyesha kitambaa, maji ya vuguvugu, na jinsi ya kufuta nje na nyuma ya sikio. Akamshika mkono, akaupeleka pale sikio linapoanza kuingia ndani, akauzuia. Mama mkwe akarudia mwenyewe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya damu, akambeba mjukuu wake.

Reli ilipofunguliwa, Mkunga alipanda treni pamoja nasi. Alisema ana dawa za kuchukua Dodoma. Njiani alikula karanga na kutazama nje, na kila treni ilipopiga honi alimtazama Damari pembeni ya jicho, halafu akatazama nje tena. Nami nilimtazama yeye, nikitafuta alama yoyote usoni, nisione.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye umri, mtaratibu. Alimsikiliza Mkunga mpaka mwisho, kisha akachukua taa yake ndogo, akaangalia kwa muda mrefu, akirudi upande huu na ule. Akaongea na Mkunga kwa Kiingereza. Mkunga akanigeukia.

"Amepata upenyo pembeni ya nta," akasema. "Ngoma ni nzima. Zote mbili."

Nikakaa kwenye kiti cha daktari mwenyewe. Hakuna aliyenikataza.

Daktari akatupatia mafuta ya kudondosha matone machache, yakiwa na joto la mwili tu, akamwambia Mkunga vizuri jinsi ya kufanya, na akataka tumrudishe amwone tena. Mkunga alirudi Gulwe kwa treni ya siku iliyofuata, kazi ilimngoja. Sisi tulibaki kwa shangazi yake mume wangu, mjini Dodoma. Nilitia matone nikimlaza Damari ubavu, nikimwimbia wimbo mmoja kabla ya kumgeuza, na asubuhi nilikuta kwenye kitambaa alicholalia alama za kahawia, na siku nyingine vipande laini. Vilikuwa vinatoka vyenyewe, bila mtu kuviita.

Siku moja kabla ya adhuhuri shangazi alikuwa uani akipepeta uwele. Damari alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo kaupa ungo. Uwele ulipaa na kurudi, shwaa, shwaa, sauti ndogo ambayo hata mimi sikuwa naisikiliza. Damari akaacha alichokuwa anachezea. Akageuza kichwa, halafu mwili mzima, akamtazama shangazi.

Shangazi akasimamisha ungo. Mtoto akangoja. Shangazi akapepeta tena, na Damari akacheka.

Nilimwita kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, kutoka nyuma ya mlango. Akanitafuta. Nikahama upande wa pili, nikamwita. Akanitafuta huko. Shangazi alisema nicheze na mtoto kwa kiasi, nitamchosha, lakini naye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Daktari alipomwona tena alisema masikio ni safi na mchubuko umepona. Tulirudi Gulwe. Mama mkwe alikuwa stesheni, na alikuwa amekuja huko, niliambiwa, kila treni iliposimama. Alitembea nyuma yetu kidogo, kisha akaita, "Damari." Mtoto akageuka begani kwangu. Mama mkwe akakaa chini palepale kwenye kokoto za reli, na mume wangu akamwacha akae mpaka alipokuwa tayari.

Mkunga alikuja jioni. Alipiga makofi yake laini kulia na kushoto, akaona alichotaka kuona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kabla sijafungua mdomo akamwona jirani anamlisha kichanga ugali, akaondoka kwenda kumgombeza.

Mama mkwe aliifanya kazi aliyopewa. Alipita nyumba kwa nyumba na kitambaa chake, akiwaambia wanawake wenzake wa umri wake, kwa lugha yao, yaliyompata. Hakuficha kitu. Wale waliomcheka Mkunga walimsikiliza yeye, na vijiti vikapungua. Havikuisha, lakini vilipungua.

Mkunga alihamishwa nilipokuwa nimekwenda Mpwapwa kumzika baba. Niliporudi nikakuta mwingine zahanati, kijana mpole aliyesalimia akina mama kwanza.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa utawala wa Mwingereza, mume wangu alipohamishiwa Dodoma, Mama Duka, ambaye naye alikuwa amehamia mjini na mumewe, aliniambia kwamba Mkunga amestaafu na analima Nzuguni. Wakati huo Nzuguni ilikuwa mashamba. Nilikwenda kwa miguu na kichanga changu cha mwisho mgongoni, Damari akinibebea kikapu, mkubwa wa kutosha kunichosha kwa maneno njia nzima.

Tulimkuta anaanua karanga. Alikuwa amekonda, na mgongo umeanza kuinama.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba," akasema, akimtazama Damari. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

Akamuuliza mambo mengi, shule, marafiki, kama anamsaidia mama. Damari alimjibu yote bila kuomba arudiwe swali. Mkunga akamtuma shambani akachume maboga, na alipokuwa mbali akakaa kwenye kigoda.

"Siku ile ulinichukia," akasema. "Uliniuliza atasikia, sikukujibu."

"Yamepita, Mkunga."

"Nilikuwa naogopa. Wakati bado mgeni wa kazi nilimwambia mama mmoja kwamba mwanawe atasikia, nilitaka kumfariji tu. Hakusikia. Yule mama hakunilaumu, ila kila akija alikuwa ananitazama mdomo, huu uliomwahidi. Kwenye treni nilishindwa hata kukutazama. Sikuwa na dawa yoyote ya kuchukua Dodoma."

Miaka yote nilidhani yule mwanamke alikuwa ametulia, na kumbe tulikuwa wawili tumekaa bega kwa bega tukiogopa kitu kimoja. Nikamwambia lile nililotembea nalo tangu Gulwe. Nikamwambia asante, kwa niaba yangu, ya mume wangu, na ya mama mkwe aliyekuwa amefariki mwaka ule akiwa ameshikwa mkono na Damari, wakiongea mpaka mwisho.

Alinisikiliza, akipangusa mavumbi ya karanga mikononi. Kisha akasimama, akaenda kwenye mtungi kunawa, akarudi na mikono imenyooshwa mbele, bado inadondosha maji.

"Haya," akasema, "nipe huyo bwana mkubwa nimwone."

Nikafungua kanga, nikampa.